Bendi ya chuo, shoo ya kwanza, mikono inatetemeka: maswali na majibu

Mimi kwa kazi ni tabibu, ila enzi za chuo nilikuwa napiga besi kwenye bendi ya wanafunzi, kwa hiyo vijana wakija kuniuliza habari za woga wa stejini huwa siwacheki hata kidogo. Haya maswali yametoka kwa bendi moja ya chuo inayojiandaa na shoo ya kukaribisha mwaka wa kwanza. Majina tuyaache.

Kaka, mazoezini napiga solo freshi kabisa, ila nikifika stejini vidole vinakuwa vya baridi na havinisikii. Au mishipa yangu ina shida?

Mishipa yako mizima mdogo wangu. Macho ya watu 300 yakikugeukia wewe, ubongo unayachukulia kama hatari, basi tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, na damu inapunguzwa kwenye ngozi na vidole ili iende kwenye misuli mikubwa ya mapaja upate nguvu ya kukimbia. Kwa mtu anayefukuzwa na mbwa hiyo ni msaada mkubwa sana, kwa mpiga solo ni balaa tupu. Mdomo kukauka nako kunatoka hukohuko, mwili umeahirisha mambo ya kula kwanza.

Sasa usisubiri vidole vipate moto vyenyewe. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya pazia nimekumbatia kikombe cha chai ya moto, wenzangu wakasema najifanya supastaa, lakini nikipanda vidole viko laini. Na piga gitaa bila kulichomeka kwenye spika dakika 10 kabla ya kuitwa, taratibu, usijionyeshe.

Tumbo je? Siku ya shoo naenda chooni mara nne.

Adrenalini hiyohiyo. Utumbo una mishipa mingi ya fahamu na unapokea taarifa za ubongo haraka sana. Kula chakula chepesi ulichokizoea kama masaa mawili kabla, ndizi au mkate, usipande na njaa ukaja kuona kizunguzungu, na chipsi za mafuta na pilipili ziache kwa ajili ya baada ya shoo. Ukiharisha hata siku zisizo na shoo hilo ni jambo lingine, nenda kapime.

Mimi naimba. Ubeti wa kwanza tu pumzi imekata, midomo inawasha kama imeingia ganzi. Watu wananiambia vuta pumzi nyingi, nikivuta ndo inazidi.

Hao watu wanakupoteza, samahani. Ukiogopa unapumua juu juu kifuani tena haraka haraka, unatoa hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyotaka, ndo inaleta kizunguzungu na ganzi ya midomo na vidole. Ukiongeza kuvuta unaongeza tatizo. Wewe shughulika na kutoa: ingiza kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo litoke mbele, halafu toa polepole kama unapoza uji ukihesabu 6 au 7. Fanya hivyo dakika tatu nne. Pumzi ndefu ya kutoa inapunguza kasi ya moyo, na hiyo unaweza kuihakikisha mwenyewe kwa kushika mapigo ya mkononi.

Jamaa yetu wa kinanda ana vidonge vya presha vya mama yake, anasema wanamuziki wa Ulaya wanavimeza. Ni kweli?

Ni kweli na ndo maana naandika hili kwa urefu. Zinaitwa beta bloka, inayojulikana zaidi ni propranololi, zinazuia adrenalini isiusukume moyo na mikono isitetemeke. Tangu 1977 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Lancet la Uingereza, wapigaji wa vyombo vya nyuzi walipewa dawa ya kundi hilo na upigaji wao ukawa bora kidogo. Ila sikiliza. Mwenye pumu akimeza inaweza kumbana kifua mpaka akafa. Mwenye kisukari anayetumia insulini inaweza kumficha dalili za sukari kushuka, na mwenye mapigo ya polepole au presha ya kushuka anaweza kuanguka palepale kwenye dramu. Halafu kidonge cha mama ni cha mama, kipimo chake daktari alikipanga kwa moyo wa mama, na mama naye atabaki bila dawa! Anayehisi anaihitaji aende kwa daktari, apimwe, na akiandikiwa aijaribu siku ya kawaida kwanza, sio siku ya shoo.

Na bia moja ya kutoa nishai? Au enaji?

Bia inaondoa aibu na inaondoa mdundo pia, utaona unapiga vizuri wewe peke yako. Enaji ina kafeini, unaongeza mbio kwenye moyo ambao tayari unakimbia. Maji yanatosha.

Nikisahau maneno katikati itakuwaje? Hilo ndo linaninyima usingizi.

Barbra Streisand, mwimbaji maarufu wa Marekani, alisahau maneno ya nyimbo mwaka 1967 mbele ya umati Central Park, New York, akaogopa kiasi kwamba ziara kubwa ya muziki hakufanya tena mpaka 1994. Kwa hiyo kusahau hakuchagui mtu. Kinachoua ni yale yanayofuata, unasimama, unawageukia wenzako, ukumbi mzima unajua. Wengi wenu mnafanya mazoezi kutoka mwanzo hadi mwisho tu, sasa ukidondoka katikati huna mlango wa kurudia. Fanyeni mazoezi ya kuanzia popote, mtu mmoja ataje "kiitikio cha pili" na wote muingie hapo. Mkubaliane kabisa kwamba mwimbaji akipotea, besi na dramu hazisimami, zinazunguka hapohapo mpaka aingie.

Mimi mwenyewe nilipotea wimbo mzima wa pili, sio mstari, wimbo, nikawa napiga noti moja tu namwangalia mpiga dramu mguu. Tulivyoshuka nikaenda kuomba radhi kwa jamaa waliokaa mbele, wakaniuliza radhi ya nini.

Na mazoezi mawili ya mwisho msifanye mkiwa mmetulia. Pandeni ngazi mbio hadi moyo udunde, mikono itetemeke, halafu pigeni hapohapo, waiteni na watu kumi wa bweni waje kukaa na simu zao wanarekodi. Lengo ni mwili ujue kupiga huku unatetemeka, maana kutetemeka kutakuja tu.

Lini nimwone daktari?

Ukizimia, kifua kikiuma, moyo ukienda mbio bila sababu hata umelala, au woga ukiwa umekufikisha hatua ya kukwepa darasa, chakula na watu kwa wiki kadhaa. Kuna tiba ya mazungumzo na inasaidia kweli, sio lazima vidonge.

Tunapanda Jumamosi, leo Jumatano.

Basi wimbo mpya mliouanza jana utoeni kwenye orodha ya shoo. Fungueni na ule mnaoupiga hata mkiwa mmesinzia, kwa sababu woga unakuwa mkali zaidi dakika zile za kabla na mwanzoni, ukifika wimbo wa pili au wa tatu kwa wengi unashuka wenyewe. Solo ngumu isogezwe huko mbele. Laleni Ijumaa, saundicheki msichelewe, na mpiga dramu ahesabu polepole kuliko anavyotaka, maana adrenalini inamdanganya na yeye.