VPN ya nyumbani: anza na ruta, kontena baadaye

Wengi wanaokuja kitengo chetu cha TEHAMA wakitaka seva ya VPN nyumbani, yaani njia ya siri ya kuunganisha simu na mtandao wa nyumbani ukiwa mbali, huanza na swali la kontena, kisanduku cha programu kinachoendeshwa ndani ya mashine. Mimi huwarudisha kwenye ruta, kifaa kinacholeta intaneti nyumbani. Fungua ukurasa wake, usome anwani ya IP iliyopewa upande wa intaneti. Ikiwa ni kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, mtoa huduma amewarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo simu yako ikiwa Mwanza haitaifikia seva iliyoko Dodoma hata ufungue poti (milango ya mawasiliano) zote za ruta. Omba anwani ya umma kwanza. Mara nyingi hulipiwa.

Kontena lenyewe halichukui muda. Tunatumia WireGuard, programu ya VPN, ndani ya Docker, programu inayoendesha kontena, na Raspberry Pi moja, kompyuta ndogo, inatosha familia nzima. Kumbuka tu kwamba kontena huazima keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine iliyolibeba, na WireGuard iliingia kwenye keneli ya Linux toleo la 5.6, mwaka 2020. Keneli ya zamani zaidi itadai moduli, yaani kipande cha programu, ya ziada. Lipe kontena ruhusa ya NET_ADMIN, ile ya kusimamia mtandao, basi. Wapo wanaolikabidhi mamlaka yote ya mashine, na sababu ni uvivu. Kisha ielekeze poti ya UDP 51820 kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine hiyo.

Funguo, zile herufi za siri ambazo simu na seva hutambuana kwazo, zikae kwenye folda ya mashine, nje ya kontena. Niliwahi kufuta kontena ili niweke toleo jipya, funguo zikaenda nalo; nikasajili upya simu tano, mojawapo ya mama mkwe aliyekuwa safarini.

Kwa Tanzania kuna jambo la kisheria pia: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zake, anwani ya IP ikiwemo. Na usidhani umejificha: ukivinjari kupitia seva hii, mawasiliano yanatokea nyumbani kwako, kwa mtoa huduma wako yuleyule.

Ukitaka kujaribu, zima wifi ya simu, washa bando na VPN, kisha andika amri wg show kwenye seva. Usipoona muda ambao simu na seva zilisalimiana, kagua funguo kabla ya kingine chochote. WireGuard haimjibu isiyemtambua. Herufi moja ikikosewa haileti ujumbe wa kosa, inanyamaza tu.