Kupanga pesa hakumwongezei mtu mawazo

Mombasa, kuanzia Kongowea hadi kwenye foleni ya feri Likoni, utasikia: bajeti ni ya mwenye mshahara, wa kipato cha siku akipiga hesabu anajitafutia presha. Sivyo. Kinachomkosesha mtu usingizi ni kodi ya nyumba asiyojua ataitoa wapi.

Mwaka 2011, watafiti Masicampo na Baumeister walionyesha kwamba jambo ambalo halijakamilika hupunguza kumsumbua mtu akishaliwekea mpango mahususi, hata kabla hajalitekeleza. Nalipenda sana hilo. Dereva wa tuktuk anayetenga kila jioni mafuta ya kesho, chakula na kipande cha kodi, hata shilingi 100, ameupa moyo wake jibu. Daftari haliongezi kipato, lakini linaonyesha upungufu mapema, mwenye nyumba akiwa bado anazungumzika.