Duka linasema una pesa, fomu ya kodi inasema huna

Wengi wanaokuja kwenye meza yangu ya mikopo huku Marekani biashara zao zinakwenda vizuri: duka la vyakula, saluni ya kusuka, mgahawa. Shida ipo kwenye karatasi. Mauzo karibu yote ni keshi, mtaji ulitoka kwenye upatu, na faida iliyoandikwa kwenye fomu ya kodi ni ndogo hata unajiuliza mwenye duka anakula nini.

Benki kubwa huishia hapo. Kompyuta inatafuta alama ya mkopo, ile ya 300 hadi 850 inayoonyesha umelipaje madeni yako, na mgeni ambaye hajawahi kukopa hana alama yoyote. Sisi benki ndogo ya jamii tunaweza kuchimba zaidi. Naomba risiti za pango za miezi 12, bili za umeme, ankara za wanaomletea bidhaa. Naenda dukani Jumamosi nikae pembeni nione wateja. Asiye na namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, tunatumia ITIN, namba ya mlipakodi inayotolewa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Hata daftari la kijumbe wa upatu nalisoma: aliyeendelea kuchanga baada ya kupokea zamu yake ni mlipaji, basi.

Kipato ambacho hukukitangaza, hicho siwezi kukiandika. "Kaka, si unaliona duka lenyewe?" Naliona. Lakini faida uliyoificha ili kodi ipungue ndiyo hiyo hiyo unayotaka sasa niionyeshe.

Waulize Abacus. Benki hiyo ya Chinatown, New York, ilianzishwa mwaka 1984 na Thomas Sung, mwanasheria mzaliwa wa China, aliyeona benki nyingine zikipokea amana za Wachina lakini haziwakopeshi. Mwishoni mwa 2009 benki iligundua mfanyakazi wake wa mikopo ya nyumba anafanya udanganyifu. Ikamfukuza, ikawaarifu wasimamizi. Mwaka 2012 ikashtakiwa yenyewe, kwamba mikopo iliyouzwa kwa Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, ilibeba vipato na kazi za uongo. Wakopaji walikuwa wanalipa vizuri sana, lakini kesi iliendelea hadi 2015, baraza la wazee wa mahakama lilipoiachia kwa mashtaka yote. Utetezi uliigharimu familia ya Sung mamilioni ya dola. Kwangu ilikuwa dhuluma, ukizingatia benki kubwa zilizopona bila kushtakiwa baada ya mgogoro wa fedha wa 2008, ila afisa mikopo yeyote mwenye akili aliisoma kesi ile mara mbili.

Kwa hiyo ukipanga kukopa, anza miaka miwili kabla. Pesa za mauzo zipitie benki, hata kama kesho yake utazitoa ukanunue mzigo. Shangazi akikupa pesa, asaini barua kwamba ni zawadi. Kama utamrudishia, hiyo si zawadi, ni deni, niambie ni deni. Nitalipigia hesabu pamoja na mengine, na mara nyingi mkopo bado unapita.