Somo la pili la mwalimu wa msingi si la kupumzikia

Kila muhula wa kuchagua masomo ukifika hapa Dodoma, wanachuo wa ualimu wa msingi wananijia na ombi lilelile: "Mwalimu, nichagulie somo jepesi liwe somo langu la pili la kufundishia, si naenda kufundisha watoto wadogo tu?" Nimelisikia vya kutosha.

Dhana: Shule ya msingi unafundisha kila kitu, kwa hiyo somo la pili ni la kupandishia GPA, yaani wastani wa alama zako chuoni.

Nusu ya kwanza ni kweli. Ukipangiwa shule ya kijijini Bahi au Chamwino, mwalimu mkuu anaweza kukupa Hisabati darasa la nne na Sayansi darasa la tano bila kuuliza ulisomea nini. Sasa hapo wepesi unakusaidia nini? Hisabati utaifundisha utake usitake, na wengi wanaoikimbia chuoni ndio ninaowakuta kwenye mazoezi ya kufundisha wakinakili mifano ya kitabu ubaoni, neno kwa neno.

Chukua daftari la mtoto aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwalimu asiyeielewa hesabu atamwekea kosa kwa wino mwekundu, ataandika 5/6 pembeni, basi. Kesho mtoto atakosea vilevile. Aliyesoma Hisabati kwa kina anaona mara moja kilichotokea: mtoto kajumlisha kiasi na kiasi (namba za juu), asili na asili (namba za chini), kana kwamba ni namba nne zisizohusiana. Atamuuliza, "Ulianza na nusu, ukaongeza. Mbona umepata pungufu ya nusu?" Kisha atachukua karatasi mbili zinazolingana, kila moja aigawe sehemu sita sawasawa, apake rangi tatu kwenye ya kwanza na mbili kwenye ya pili. Sita hiyo inatoka wapi, na kwa nini si tano? Hilo halijibiwi na andalio la somo lililoazimwa kwa mwenzako. Watoto wadogo ndio wanaohitaji mwalimu anayejua zaidi, kwa sababu bado hawajui kueleza walipokwama.

Ushauri wangu, nao siuachi: kabla ya kujaza fomu, soma muhtasari wa Hisabati wa darasa la tatu hadi la sita, wa mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024. Mada inayokutisha iandike. Kama ni nyingi, umeshapata somo lako la pili.

Dhana: Kiswahili hakisomewi, tumezaliwa nacho.

Wewe labda. Mtoto wa Mpwapwa vijijini anaweza kuingia darasa la kwanza na Kigogo, wa Kondoa na Kirangi, wa Kwamtoro na Kisandawe, ambacho hata si jamaa ya Kibantu. Kumfundisha huyo kusoma kwa lugha ambayo bado anajifunza kuizungumza ni utaalamu, na unasomewa.

Dhana: Elimu maalumu ni ya wanaokwenda kufundisha Buigiri, kwenye shule ya wasioona.

Hapana! Shule ya wasioona ni moja tu ya mahali inapohitajika. Mtoto asiyeona vizuri ubao, anayesikia kwa sikio moja, au anayegeuza herufi kila siku, yumo katika darasa la kawaida, na mara nyingi anaitwa mvivu. Kozi hata mbili za elimu maalumu zitakufundisha kumtambua, kumsogeza mbele, kumwandikia maandishi makubwa, na kuwaambia wazazi wampeleke kupimwa.

Dhana: Angalia tangazo la ajira la mwaka huu, ndipo uchague.

Shahada ni miaka mitatu. Tangazo la leo linawahusu waliomaliza, na mahitaji hubadilika. Isitoshe, siku hizi kuna usaili, na kwenye usaili utaulizwa namna ya kufundisha mada. Wanaoyumba hapo ni waliochagua somo kwa kusikia kwamba linalipa, wakalisoma kwa kukariri. Kwa hiyo ukija ofisini kwangu, njoo na ile orodha ya mada zinazokutisha. Tangazo liache nyumbani.