Kununua yoti nzito ya mkuku mrefu iliyotumika: yanayosemwa na ukweli wake

Mtu yeyote akianza kutafuta yoti ya kusafiria mbali, namaanisha bahari kuu sio kuzungukazunguka bandarini, ataambiwa kitu kile kile: tafuta ya zamani, nzito, yenye mkuku (ule uti wa chini ya boti) mrefu unaotoka mbele mpaka nyuma na usukani umefungwa hapo hapo mwisho wa mkuku, hutajuta. Na kweli ni boti nzuri, mimi nazipenda kuliko zote, ndo maana inaniuma nikiona mtu anamaliza akiba yake kwa ajili ya sifa ya mkuku na hajafungua hata kabati moja aone nyuma yake kuna nini. Sifa zile ni za mchoro wa boti. Wewe unanunua chombo kimoja ambacho kimekaa kwenye chumvi miaka 40 au 50, na cha kuchunguza ni hicho.

Dhana: mkuku mrefu ndo usalama, mkuku wa pezi utakuua

Hii ndo inaaminiwa kuliko zote so nianze nayo (mkuku wa pezi ni ule mfupi unaochomoza chini katikati tu, kama pezi la samaki). Mbio za Fastnet za 1979, boti 303 zilitoka Cowes kule Uingereza, dhoruba ikawakuta njiani, wanamashua 15 wakafa. Kwenye daraja la boti ndogo kabisa iliyofika mwisho ni moja tu, Assent, ambayo ni boti ya aina ya Contessa 32, na Contessa 32 ina mkuku wa pezi, usukani wake umetengana na mkuku, uko huko nyuma. Kilichoibeba ni umbo, nyembamba, farumi (uzito wa kuituliza boti) ya kutosha chini, hata ikilazwa digrii 150 bado inataka kuinuka. Baadaye Chuo Kikuu cha Southampton wakajaribu modeli kwenye tangi la maji wakaona wimbi linalovunjika lenye kimo cha kama asilimia 60 ya urefu wa boti linaweza kuibinua boti yoyote, mkuku uwe wowote. Kwa boti ya mita 10 hilo ni wimbi la mita 6.

Alafu nendeni Golden Globe ya 2018, mbio za kuzunguka dunia peke yako bila kuingia bandari yoyote. Sheria yake inataka boti za futi 32 mpaka 36, mchoro wa kabla ya 1988, mkuku mrefu na usukani umeshikana nao, yaani ni hizi hizi tunazoongelea. Boti 5 zikavunjika milingoti, na waliomaliza walikuwa watu 5 tu. Kwenye mbio za 2022 Asteria ya Tapio Lehtinen wa Finland ilizama mbali na pwani ya Afrika Kusini ndani ya dakika chache, maji yaliingia kwa nyuma, mzee akabaki kwenye boya la kujiokolea mpaka akatolewa na Kirsten Neuschäfer, na huyo mama ndo akaja kushinda mbio zenyewe akiwa na Cape George 36, mkuku mrefu vile vile. Mkuku wa aina moja, bahari moja, mmoja kazama mwingine kashinda.

Sasa uzuri wake ni upi? Boti inashika njia vizuri, ukiachia usukani kidogo haikimbii pembeni. Propela na usukani vimejificha nyuma ya mkuku, nyavu na kamba za wavuvi hazinasi ovyo. Na ule uzito unafanya mtikisiko uwe wa polepole, mwili hauchoki haraka, na mtu ambaye hajachoka hukosea kidogo. Mwaka 1991 boti moja ya mkuku mrefu aina ya Westsail 32, iitwayo Satori, iliachwa baharini kwenye dhoruba kubwa ya Atlantiki, watu wake wakachukuliwa na walinzi wa pwani wa Marekani, boti yenyewe ikaja kuonekana ufukweni Maryland ikiwa nzima. Kwa hiyo sifa zina msingi, ila sio dhamana.

Dhana: faibaglasi ya zamani ni nene, kwa hiyo boti haizeeki

Bodi lenyewe, sawa. Miaka ya 60 na 70 wajenzi walimwaga faibaglasi kwa wingi sababu walikuwa hawajaiamini bado, na mabodi mengi ya wakati ule mpaka leo ni imara. Tatizo ni kwamba watu wanagonga bodi, wanasikia ngo ngo, wanafurahi, basi, wakati vitu vinavyokula pesa viko kwingine kabisa.

Anza na sitaha, ile sakafu ya juu ya boti. Nyingi ni ngozi mbili za faibaglasi na katikati kuna mbao ya balsa au plaiwudi. Kila bolti iliyopita hapo ni mlango wa maji, na maji yakishaingia ile mbao inaoza taratibu miaka na miaka huku juu pamepakwa rangi panang'aa. Tembea peku, ukihisi panabonyea chini ya mguu simama hapo. Gonga na mpini wa bisibisi, panaposikika pamefifia pameoza au pameachana. Zile zilizojengwa Taiwan zenye sitaha ya msaji (jamani zinapendeza!) ule msaji mara nyingi umekazwa kwa skrubu mamia na mamia na kila moja ni tundu.

Baada ya hapo vyuma vya ubavuni vinavyoshika waya za mlingoti. Hapa watu wanajiamini sababu ni chuma cha pua hakishiki kutu. Kinashika! Kikikaa sehemu yenye unyevu bila hewa kinalika ndani kwa ndani, kwa nje unaona kamstari kadogo ka kahawia tu. Kwenye baadhi ya boti vyuma hivi vimefichwa nyuma ya makabati au vimefunikwa kabisa na faibaglasi, na kimoja kikikatika mlingoti unaondoka. Waya zenyewe kampuni nyingi za bima zinataka zibadilishwe kila miaka 10 mpaka 15, muulize muuzaji risiti, akisema "ziko vizuri tu" hilo sio jibu.

Matangi ya dizeli ya chuma cheusi nayo, yamewekwa chini ya sakafu alafu chumba kizima kikajengwa juu yake, kulitoa tangi ni kubomoa nyumba. Dasturi ya mbao (ule mti unaochomoza mbele) iangalie pale inapoingia kwenye omo, yaani mbele ya boti, inapenda kuozea hapo. Na farumi: nyingine ni madini ya risasi tupu, nyingine ni vipande vya chuma vimemwagiwa saruji ndani ya mkuku. Hii ya pili ikipata ufa kwa chini (boti ikipwelewa juu ya mwamba mara moja inatosha) maji yanaingia, chuma kinavimba kwa kutu na mkuku unapasuka kutoka ndani. Wale wanaosema mkuku mrefu unagonga mwamba na haudhuriki, hawajaona hiyo.

Jambo jingine, Westsail 32 nyingi ziliuzwa kama bodi tupu, mwenyewe akamalizia nyumbani. Mbili zenye jina moja zinaweza kuwa kazi ya seremala mahiri na kazi ya mtu aliyejifunzia hapo hapo, usinunue kwa jina.

Vile vipele vya osmosisi (malengelenge ya maji kwenye faibaglasi) vinavyotisha watu? Mara nyingi ni vya kawaida, vinatibika, tumia kushusha bei.

Dhana: ni nzito kwa hiyo haziendi

Mwendo wa boti za aina hii unabanwa na urefu wake pale inapokata maji: chukua futi, tafuta mzizi wa mraba, zidisha kwa 1.34. Boti ya aina ya Rustler 36 ina kama futi 27 majini, unapata karibu maili 7 za baharini kwa saa, iwe nzito au vipi hapo ndo mwisho wake. Mwingereza Robin Knox-Johnston alizunguka dunia peke yake na boti yake Suhaili kwa siku 312, akamaliza 1969. Jean-Luc Van Den Heede akiwa na miaka 73 akashinda ile mbio ya 2018 na Rustler 36 kwa siku 212 hivi. Kwenye mbio hiyo hiyo Lehtinen na Asteria alichukua siku 322 sababu chini pote pameota viumbe wa baharini wenye gamba (barnacle). Uzito unausikia kwenye upepo mdogo, ndo maana matanga yaliyochoka yanaiumiza boti nzito kuliko nyepesi. Matanga mapya, waya na injini kwa pamoja vinaweza kupita bei uliyonunulia boti, kwa hiyo ya bei juu iliyotunzwa mara nyingi ndo ya bei nafuu.

Kuhusu kurudi nyuma bandarini hiyo sio dhana, ni kweli kabisa, propela inaivuta upande mmoja na usukani hausikii. Kama utaishi kwenye marina iliyobanana fikiria tena.

Wanaotaka kuileta kwetu, Kilifi au Tanga, mkuku mrefu una faida ambayo majahazi yamekuwa yakiitumia siku zote. Bamvua inapanda na kushuka mita 3 na zaidi, unaiegemeza kwenye ukuta maji yakipwa, unasugua, unapaka rangi, maji yakijaa inaelea. Ila mkuku uwe umenyooka chini, ile iliyokatwa sana kwa mbele inainamia omo. Na bodi la mbao kwenye maji yetu ya joto linatobolewa na minyoo, mafundi wa majahazi hawakupaka deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa) kwa mapambo, kama hauko tayari kuitoa majini mara kwa mara chukua faibaglasi.

Dhana: sarveya akishapita umemaliza

Sarveya, yaani mkaguzi wa boti, muajiri wewe, asiwe wa kuletewa na muuzaji. Hata akiwa mzuri hafungui kitu ambacho mwenye boti hajaruhusu, anaangalia, anagonga, anapima unyevu, anaandika "haikuweza kufikiwa" na wewe unasoma unapita tu. Hayo maneno yahesabu yote. Kabla ya kulipa omba chuma kimoja cha ubavuni kitolewe, ukishike mkononi ukiangalie sehemu iliyokuwa imefichwa, gharama ya kukirudisha lipa wewe. Muuzaji akikataa, toa kwenye bei yako gharama ya kubadilisha vyuma vyote na waya zote, na akikataa na hiyo, boti za mkuku mrefu bado ziko nyingi sokoni.