Mtoto Akisoma Nyumbani, Jina Lake Libaki Shuleni

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja kuchukua fomu."

"Marahaba mama, karibu. Fomu ya nini?"

"Ya kumfundishia mtoto nyumbani."

Alikuwa ametoka Kayenze, hapa mkoani Mwanza, asubuhi, daladala mbili, na bahasha ya karatasi za hospitali kwapani. Mwanawe yuko darasa la tatu, ana ugonjwa wa selimundu (sickle cell). Mwaka ule alikuwa amelazwa hospitali ya Bugando mara tatu, na kila akirudi darasani anakuta wenzake wamesonga. Mama alikuwa amesoma kwenye simu kwamba Uingereza mzazi huandika barua tu kwa mwalimu mkuu, kisha anaanza kumfundisha mwanawe mwenyewe. Akataka kujua barua ya kwetu inaandikwaje.

Nimekaa kwenye elimu maalumu miaka mingi kiasi cha kujua kwamba jibu la swali hili halifai kutolewa mtu akiwa bado amesimama. Nikampa kiti. Fomu hiyo hakuna.

Alichosoma ni kweli, ila ni kweli ya kwao. Sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, iwe shuleni au kwa njia nyingine, na maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango wanaopitia. Hata huko, mtoto aliyepelekwa shule maalumu na halmashauri haondolewi mpaka halmashauri iridhie. Ukienda Ujerumani mlango huo umefungwa, mtoto lazima aende shule. Kwetu Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, inasema mtoto aliyefikisha miaka 7 na hajafikisha 13 lazima aandikishwe elimu ya msingi, na akishaandikishwa ahudhurie mpaka amalize. Asipohudhuria, wa kwanza kuulizwa ni mzazi. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inaisogeza lazima hiyo mbele hadi miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari.

Kwa hiyo wazazi wanaofika ofisini kuomba kibali cha kumtoa mtoto shule huwa wameshika ncha isiyo yake. Kinachowezekana, na ambacho nimeona kikifanyika Nyamagana, Magu hadi Ukerewe, ni mtoto kubaki mwanafunzi wa shule yake huku masomo yakimfuata nyumbani kwa muda fulani, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Hapo mzazi anapata karibu kila alichokuwa anakitafuta, na mtoto hapotezi kitu ambacho wengi hatukioni thamani yake mpaka kipotee: jina lake kwenye daftari.

Niliseme hili la jina kwa kirefu kidogo, maana ndiko watoto wanakoumia. Mwanafunzi wa shule ya msingi amesajiliwa kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani unaoitwa PReM, na ana namba yake humo. Upimaji wa Darasa la Nne na Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hufanywa kupitia shule iliyosajiliwa. Mezani kwako nyumbani hakuna namba ya kituo cha mtihani. Mtoto anaweza kuwa anasoma vizuri kuliko dada yake aliye shuleni, lakini kama hayumo kwenye orodha, siku ya mtihani atakuwa mtazamaji. Na jina halifutwi kwa ubaya wa mtu. Mwalimu wa darasa anaita mahudhurio, hajibiwi, anaandika hayupo. Leo, kesho, mwezi. Siku 90 mfululizo zikipita bila taarifa, mtoto anahesabiwa kuwa ameacha shule. Mzazi anadhani mwalimu anajua mtoto mgonjwa. Mwalimu anadhani familia imehamia Geita.

Basi tuanze na barua. Iandike kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu kata. Kiswahili cha kawaida kinatosha, na kama huandiki vizuri, mtendaji wa mtaa au kijiji atakusaidia. Taja jina la mtoto, darasa lake, tatizo ni nini, unaomba afundishiwe nyumbani kuanzia lini hadi lini, na nani hapo nyumbani atakaa naye. Usiandike "mpaka apone." Andika muhula mmoja, au wiki sita, kisha mkutane tena. Ombi lenye mwisho hukubaliwa upesi kuliko ombi lisilo na ukingo, na mwalimu mkuu naye anapata cha kumwonyesha mdhibiti ubora wa shule atakapokuja kukagua na kuuliza kwa nini kiti kile kiko wazi.

Ambatisha barua ya daktari. Hapa niwaombe wazazi mwe wakaidi kidogo. Barua nyingi ninazopokea zimeandika jina la ugonjwa na mhuri, basi. Mwalimu hafanyi kitu na jina la ugonjwa. Mwombe daktari aandike mtoto anaweza kufanya nini: akae kusoma kwa muda gani kabla hajachoka, siku zipi ni za kliniki, nini kinamwamsha maumivu, dalili gani ikionekana akimbizwe hospitali. Kwa mtoto mwenye ulemavu au ugumu wa kujifunza, omba pia afanyiwe upimaji wa mahitaji maalumu kupitia afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Na barua hiyo ikiandikwa vizuri, wakati mwingine inaua ombi lenyewe, jambo ambalo hunifurahisha. Yule mama wa Kayenze tulipozisoma karatasi zake taratibu, tukaona mwanawe anahitaji maji ya kunywa mara kwa mara, ruhusa ya kwenda chooni bila kuomba mbele ya darasa zima, sweta asubuhi za baridi, na kutolewa kwenye mchakamchaka. Mambo manne, hakuna hata moja linalohitaji fedha. Nusu ya siku alizokosa shule zilianzia hapo: alfajiri, upepo unatoka ziwani, mtoto anakimbia na wenzake kisha anakaa na kiu hadi saa nne. Hakuhitaji kufundishiwa nyumbani mwaka mzima. Alihitaji mpango wa zile wiki anazolazwa na zile zinazofuata, na shule inayojua kumtunza wiki nyingine zote.

Wapo wanaohitaji zaidi ya hapo. Mtoto aliye kwenye matibabu ya saratani, ambaye damu yake haihimili mafua ya darasa lenye watoto wengi. Mtoto asiyeweza kukaa bila kushikiliwa, na shule iko upande wa pili wa mwamba (anayeijua mitaa ya Mwanza kama Mabatini au Igogo anajua nasema mwamba gani). Kwa hawa, nyumbani kunaweza kuwa darasa kwa muda mrefu. Lakini hata hapo shule isitumie barua yako kama njia ya kumkwepa mtoto. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma katika shule ya kawaida pamoja na wenzake. Mwalimu akikwambia "huyu mfundishe tu nyumbani, hapa hatumwezi," hiyo si ruhusa. Nenda kwa afisa elimu kata, kisha kwa afisa elimu maalumu, ukauliza kuhusu shule zenye kitengo cha elimu maalumu. Watoto wasioona na wenye ualbino, kwa mfano, wanapokelewa Shule ya Msingi Mitindo, Misungwi.

Msaada uombe siku ileile ya makubaliano, usingoje. Mwalimu wa darasa akupe mada za mwezi, ukurasa kwa ukurasa, na mkubaliane siku moja ya wiki ya kupeleka madaftari yasahihishwe. Walimu wengi wa serikali wana vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022. Picha ya ubaoni ikitumwa kwenye simu ya mzazi inaokoa safari. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Tahadhari moja: mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, ukapanda mwaka kwa mwaka. Vitabu alivyoachiwa mtoto na kaka yake vinaweza kuwa vya mtaala ule wa zamani, na walio kwenye mtaala mpya wanamaliza darasa la sita, si la saba. Muulize mwalimu kabla hujamkalisha mtoto muhula mzima kwenye kitabu kisicho chake.

Kaya inayopokea ruzuku ya TASAF yenye sharti la mahudhurio ipeleke nakala ya makubaliano kwa kamati ya mtaa au kijiji, fedha isije ikakatwa kwa sababu ya nafasi tupu kwenye daftari la mahudhurio. Na mtoto asiyeona vizuri au mwenye ulemavu mwingine, shule imtambulishe mapema Baraza la Mitihani. Kuna karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na muda wa nyongeza: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine.

Sasa, nyumbani penyewe. Wazazi huogopa hapa kuliko mahali pote. "Mimi niliishia darasa la saba, nitafundisha nini?" Mtoto mmoja na mtu mzima mmoja kwa saa mbili, wametulia, simu iko mbali, wanaweza kumaliza kazi nyingi ajabu, kwa sababu muda wa darasani huliwa na kunyamazishana, kugawana vitabu na kusubiriana. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi Juni kwa sababu ya korona, watoto waliorudi hawajasahau kusoma hawakuwa lazima watoto wa wasomi. Walikuwa wale waliokuwa na mtu wa kuwaambia kila siku "hebu nisomee."

Kwa darasa la kwanza na la pili, shika KKK usiachie: kusoma, kuandika, kuhesabu. Asome kwa sauti, wewe ukipika. Aandike mistari mitano juu ya jambo aliloliona, si kunakili ukurasa. Hesabu ziko kila mahali ziwani. Anayeanika dagaa anajua sado ngapi zinajaza gunia, gunia liliuzwa bei gani soko la Mwaloni Kirumba, nauli imekula kiasi gani. Mwachie mtoto apige hesabu hiyo kwa penseli, hata kama wewe umeshaimaliza kichwani. Ila usijidanganye kwamba hilo linatosha. Kazi ya mwalimu ifanyike kwanza, dagaa zifuate. Nimeona nyumba ambako "kufundishiwa nyumbani" kuligeuka kulea mdogo wake na kuchota maji, na mtoto wa kike ndiye anayepatikana zaidi na hilo.

Wavuvi wana swali lao. Familia inahama kambi, leo Kome, baada ya miezi Ukara, na baba anaona heri mtoto asome kambini kuliko kuanza shule mpya kila mara. Namwelewa, lakini dawa ya kuhama ni uhamisho. Namba ya PReM haibadiliki, inakwenda naye, na mwalimu mkuu akipata taarifa mapema karatasi si za kuchosha. Kambini mzazi aongezee tu. Baba mmoja wa Buchosa alinifundisha ratiba nzuri kuliko zangu: dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Kwa hiyo siku za mbalamwezi ndizo zake za kukaa na mwanawe na daftari, kila mwezi, bila kukosa. Siku nyingine ni zamu ya bibi, ambaye hajui kusoma, lakini anajua kusikiliza na kukataa mtoto akirukaruka maneno.

Kuna pia wachache wanaotaka mtoto asome nyumbani kwa mtaala wa nje, kwa uchaguzi wao. Wajue wanabeba mzigo wote wenyewe, na kwamba cheti cha sekondari cha nje kitabidi kipelekwe Baraza la Mitihani kulinganishwa. Na ukikusanya watoto wa majirani ukawafundisha kila siku, hiyo tayari ni shule, na shule husajiliwa.

Kama jina limeshafutwa, nenda kwa afisa elimu watu wazima wa halmashauri yako. MEMKWA ni kwa watoto walioikosa elimu ya msingi, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina kituo Mwanza kwa waliokatishwa sekondari. Kati yao, asiye na ufaulu wa kidato cha pili hupitia Mtihani wa Maarifa kabla ya mtihani wa kidato cha nne wa watahiniwa wa kujitegemea. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 pia unaruhusu aliyekatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, kurudi katika shule ya kawaida.

Mama wa Kayenze aliondoka na barua ya ukurasa mmoja tuliyoiandika pamoja, ikiomba wiki nane. Tangu hapo madaftari yanafika shuleni kila Ijumaa kwa mkono wa binti wa jirani. Mwalimu wa darasa analalamika kwamba yananuka dagaa. Anayasahihisha.