Chupa ivae kanga, isivae blanketi

Kila nikibandika picha ya taa zangu za chupa, swali la kwanza ni lile lile: "Dada, unatumia rangi gani?" Nitalijibu, ila baadaye, kwa sababu taa nyingi ninazoletewa hapa Bagamoyo nizitazame hazina rangi mbaya. Zina rangi nyingi. Mtu kachukua chupa ya jamu, kaipaka bluu mpaka mdomoni, juu ya bluu kachora minazi, juu ya minazi kamwaga vimetameta. Mchana inapendeza. Usiku ukitia mshumaa, mwanga unatokea tundu la juu tu, kama koroboi iliyofunikwa ndoo.

Kazi yangu ya kwanza ni hina na piko. Nimepamba mikono na miguu ya maharusi miaka mingi kabla mkono haujahamia kwenye kioo, na hina ndiyo iliyonifundisha kuacha. Kwenye kiganja, ngozi uliyoiacha wazi ndiyo inayolifanya ua lionekane ua. Kwenye taa mambo yanazidi hapo. Rangi ya mafuta ya kopo haipitishi mwanga, kwa hiyo ulipopaka, usiku panakuwa peusi hata kama rangi yenyewe ni njano. Ukishika brashi ya rangi hiyo, jua unachora kivuli, na taa ni ile sehemu usiyoigusa.

Wasichana wanaokuja barazani kwangu nawafundisha kwa kanga. Kila mtu hapa anajua kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Igawe chupa hivyo hivyo. Pindo la juu likae shingoni, lifiche hesi za kifuniko, maana hakuna kinachoiumbua taa kama zile hesi zinazotangaza kwamba juzi tu ilikuwa ya mayonezi. Pindo la chini lizunguke kitako, upana wa vidole viwili au vitatu, lifiche mshumaa na mchanga unaowekwa chini yake. Katikati ni mji, na mjini ndiko moto unakoonekana: weka korosho nne, au samaki watatu wanaofuatana, na zaidi ya nusu iache wazi. Ukitaka jina, liandike juu ya pindo la chini kama lilivyo kwenye kanga yenyewe. "Wema hauozi" inaingia vizuri kwenye chupa ya jamu. "Mgeni njoo mwenyeji apone" itazunguka mpaka mwisho ukutane na mwanzo. Nimewahi kuandika taa iliyosomeka "aponemgeni", na mteja akaipenda hivyo hivyo, lakini mimi hainitoki moyoni. Siku hizi nazungusha uzi kwenye chupa kwanza, naulaza juu ya karatasi, naandika jina kwa penseli katika urefu ule ule.

Nakshi sizitafuti mbali. Milango ya Mji Mkongwe ina minyororo pembeni na maua kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, na mnyororo ule ukiupunguza unatoa pindo zuri kuliko maua ya kuokota mtandaoni. Wenzangu waliopita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wanapenda kuchora ndege na twiga wa Tingatinga. Wanapendeza, ila kumbuka Edward Saidi Tingatinga, alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, alipaka ubao kwa rangi za kupakia baiskeli, rangi inayong'aa na kufunika kabisa. Ubao hautegemei mwanga wa nyuma. Ukimhamishia twiga yule kwenye kioo, mpunguze mpaka abaki mistari na madoa yake.

Sasa chupa zenyewe. Nanunua kwa vijana wanaookota, nyingine majirani wananiwekea. Nachagua yenye mdomo wa kuingiza vidole vinne, kwa sababu mshumaa utawekwa, utawashwa na kutolewa. Lebo naloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni. Inabaki gundi, na gundi haisikii sabuni: nachanganya mafuta ya kula na magadi ya unga mpaka yawe kama uji mzito, napaka, naacha nusu saa, nasugua kwa kitambaa.

Wengi huishia hapo wakaanza kuchora, na wiki ya pili rangi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyetoka kuungua jua. Kioo hakina vinyweleo vya kuishika rangi kama mbao au ukuta. Alama moja tu ya kidole chenye mafuta inatosha kuiachanisha. Basi osha tena kwa sabuni, suuza, kausha. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, upepo wa bahari: chupa iliyolala barazani usiku mmoja inaamka na utando wa chumvi usioonekana kwa macho. Ilambe uhakikishe. Mimi huilamba. Ikiwa safi, ifute kwa spiriti na kuanzia hapo ishike kwa ndani, vidole vikiwa mdomoni mwake.

Mistari naichora kwa koni ya hina. Nakata nailoni ngumu, ile ya kufungia mashada ya maua, kipande cha ukubwa wa kiganja. Naikunja kuanzia pembeni mpaka ncha iwe kali kama sindano, nafunga kwa seloteepu. Ndani natia gundi nyeupe ya mbao vijiko viwili na rangi nyeusi ya akriliki kijiko kimoja. Uzito uwe kama wa hina: ukiinua kijiti, uzi uchelewe kukatika. Ncha naikata kwa wembe, kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu tundu halirudi nyuma.

Halafu siikokoti ncha juu ya kioo. Naiinua kidogo, kama unene wa sarafu, nabinya kwa dole gumba, uzi unashuka wenyewe nami nauongoza ulale ninapotaka. Mkono wa kulia umeegemea kitabu kinene. Wa kushoto ndio unaoizungusha chupa. Mtoto wa dada yangu, anayejifunza kwangu jioni, alivumilia siku tatu kisha akauliza, "Mama mdogo, mbona wako umenyooka na wangu unatetemeka?" Nikamwambia, "Kwa sababu unabana pumzi, mwanangu. Mstari ukianza, shusha pumzi." Akashusha. Mstari ukatulia mpaka alipocheka. Ukikosea, usifute ukiwa mbichi, utapaka masizi chupa nzima. Subiri ukauke, uinue kwa kijiti cha meno, utatoka kama ganda.

Mstari huo uliosimama ndio ukuta wa kuzuia rangi, na hapa nalijibu lile swali. Rangi maalumu za vioo, zinazopitisha mwanga, nanunua nikienda Kariakoo, na bei yake inanifanya nizitumie kwa kijiti. Kila siku natumia vanishi ya mbao isiyo na rangi: kijiko kimoja, na ndani yake rangi ya mafuta ya tyubu kiasi cha punje mbili za mchele. Ikoroge taratibu isitoe mapovu. Chupa ilaze juu ya ngata ili isiviringike, jaza vyumba vya upande ulio juu, iache ikauke, ndipo uigeuze. Mwenye haraka anaisimamisha na kuzunguka nayo, na rangi inateremka yote kwenye kona za chini kama machozi.

Rangi ya kucha nayo inapitisha mwanga vizuri, na wasichana wanaipenda kwa kuwa iko nyumbani. Lakini hata ikishakauka inashika moto kwa urahisi sana. Itumie kwenye taa ya betri tu.

Kuna kitu kilinichukua muda kukielewa. Bluu niliyoipenda sana mchana ilikuwa inakufa usiku, huku rangi ya chungwa niliyoidharau ikiwaka kama machweo. Sababu ni mshumaa wenyewe: mwanga wake umejaa njano na nyekundu, bluu ndani yake ni kidogo mno, na kioo cha bluu hakiwezi kutoa kisichoingia. Mteja akisema atatumia mishumaa, nampa njano, chungwa, nyekundu na kijani cha majani mabichi. Akisema taa nyeupe za betri, hapo naifungulia bluu.

Kipindi cha kaskazi vanishi inakauka kwa siku moja. Masika, siku tatu na bado inanata, basi sipokei oda za haraka mwezi wa nne. Na rangi uipake asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaleta mchanga.

Tuje kwenye kupasuka, maana hapo ndipo nilipolipa ada. Baadhi ya rangi za vioo zinataka kuokwa baada ya kukauka ili zishike. Mimi sina oveni, nikafanya kama ninavyooka keki: sufuria kubwa, mchanga chini, mfuniko, mkaa chini na juu. Chupa sita. Zilipoiva nikaona zimependeza, nikazitoa kwa kitambaa na kuzipanga sakafuni, kwenye saruji niliyoipiga deki muda si mrefu. Ya kwanza pa! Ya pili pa! Ya tatu ikasubiri niinuke kwenda kuchukua ufagio, ndipo ikafuata wenzake.

Kioo cha chupa za kawaida ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja. Kikipata joto kinatanuka, na joto lenyewe husafiri polepole ndani yake. Upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, mmoja unavuta mwingine unagoma, katikati panaachia. Vyombo vya kioo vya maabara vimetiwa boroni na hutanuka kama theluthi tu ya hapo, ndiyo maana vinavumilia moto. Chupa yako ya achari haikutengenezwa kwa hayo. Basi iingie sufuriani mkaa ukiwa haujawashwa, ipate joto pamoja na mchanga, na itoke kesho yake asubuhi. Usiifunue hata kuchungulia.

Sheria hiyo hiyo ndiyo inayofanya niweke mchanga mkavu ndani ya kila taa ya mshumaa, kina cha vidole viwili. Mshumaa ukikaribia kwisha, moto unashuka karibu na kitako, sehemu nene na ya kwanza kupasuka. Mchanga unalipokea joto lile badala yake. Wa ufukweni uoshe kwa maji baridi mara tatu na uuanike kwanza, chumvi yake inavuta unyevu na kioo kinaingia ukungu. Mshumaa ukae katikati, usiegemee ukuta. Kifuniko usiwahi kukirudisha ukiwa unawaka, moto unataka hewa.

Na ikiwa paa ni la makuti, mshumaa haupandi juu. Hapo sina mjadala. Nimeulizwa na watu wenye migahawa, nimeulizwa na maharusi wanaotaka taa hamsini zining'inie barazani kwenye makuti, na jibu ni betri, au zile nyuzi za taa ndogo za sola. Mshumaa ukae mezani, kwenye ngazi, au kwenye kidaka cha ukuta, mbali na pazia na chandarua.

Mpini ni waya, na waya ulinitia aibu. Oda yangu kubwa ya kwanza ilikuwa ya hoteli moja ya ufukweni, nikafunga taa zote kwa waya mweusi wa kufungia nondo kwa sababu ni laini na rahisi. Haukupita muda kutu ikaanza kuchuruzika juu ya mapindo yangu meupe. Nikazirudisha zote nyumbani, nikazifunga upya kwa gharama yangu. Sasa natumia waya wa shaba wa mota zilizoungua, nanunua kwa mafundi. Nazungusha mara mbili chini ya hesi, nasokota kwa koleo, naacha vitanzi viwili vinavyotazamana, ndipo napitisha mpini, mrefu kiasi cha shibiri moja na nusu ili mkono usiwe juu ya moto.

Wengine wananiuliza kama wanaweza kutia mafuta ya taa na utambi, kama koroboi. Usifanye hivyo. Koroboi ni ya bati, ikianguka inapinda. Chupa ikipasuka mafuta yale yanasambaa yakiwa yanawaka. Ukitaka taa ya mafuta kweli, fanya kandili ya kizamani: maji nusu chupa, juu yake mafuta ya nazi kina cha kidole kimoja au viwili, na utambi wa pamba uliopenyezwa kwenye kipande cha koki kinachoelea. Mafuta ya nazi hayalipuki kwa wepesi kama mafuta ya taa, na yakiisha, moto unakutana na maji na kuzimika wenyewe. Yanatoa pia harufu nzuri. Mwezi wa saba tu ndio yana kisirani: usiku wa baridi yanaganda meupe juu ya maji, utambi umenasa ndani kama kijiti kwenye barafu, na inabidi uiweke chupa juani kwanza, saa moja hivi, kabla magharibi haijaingia.